Kabla hujaskani kitabu cha mwanafunzi asiyeona

Walimu wenzangu wa Tabora na Kigoma, kabla ya kuwasha skana muulize kwanza mwanafunzi mwenyewe anasomaje, maana mmoja anataka nukta nundu, mwenye ualbino mwenye uoni hafifu pengine anahitaji maandishi makubwa tu, pointi 18 kwenda juu, na mwingine ana laptop yenye NVDA (programu ya kumsomea skrini kwa sauti, ni ya bure kabisa) huyo mpe sofkopi tu inatosha.

Halafu hakimiliki, hapa msipite haraka. Kuna Mkataba wa Marrakesh wa 2013, Tanzania nayo imejiunga, unazitaka nchi ziruhusu nakala za watu wasioweza kusoma maandishi ya kawaida zitengenezwe bila kumwomba mwenye kitabu. Lakini una masharti: kitabu cha kuanzia mmekipata kihalali, kazi haina faida, mnabadilisha yale tu yanayohitajika ili kisomeke, na nakala inaenda kwa wahusika peke yao, kwa hiyo kuitupia faili kwenye grupu la WhatsApp la darasa zima hapana, huko ni kusambaza kitabu cha mtu. Filamu hazimo kwenye mkataba huu. Mimi ningeandika barua COSOTA (ofisi ya hakimiliki Tanzania) mapema shule ijue imesimama wapi, na ningemwomba mchapishaji sofkopi, akikubali mmeokoa kazi kubwa sana.

Asipotoa ndo mskani sasa, 300 dpi (kipimo cha ukali wa picha kwenye skana), ukurasa umenyooka. PDF ya picha tupu haisomeki na programu ya kusoma skrini, lazima ipitishwe kwenye programu ya kutambua maandishi, tena ichagulie lugha ya Kiswahili, alafu mtu akae asome neno kwa neno kwa sababu ile alama ya ng' hupotea, ng'ombe anakuwa ngombe, na rn inageuka m. Vichwa vya habari viwekwe kama vichwa kweli, sio kukoleza wino tu, la sivyo msikilizaji hawezi kuruka toka sura hadi sura. Picha zielezwe pia. Ukiandika "ramani ya reli" hujamwambia kitu, mwambie reli ya kati ikifika Tabora inagawanyika, moja inaenda Kigoma nyingine Mwanza, maana hicho ndo anachoulizwa kwenye mtihani!

Jina la mwandishi na mchapishaji libaki mbele, na muwe na daftari la nani kapewa nini. Sura ya kwanza ikiisha mpeni mwanafunzi aisome kabla hamjaendelea na zingine.