Kupanda Mlima Meru kwa Siku Nne, Kuanzia Vijijini

Anza vijijini. Tenga siku moja upande wa kusini, kati ya Tengeru na Usa River, ambako Wameru hupanda migomba na mibuni pamoja katika vihamba vyao, yaani mashamba yanayozunguka nyumba, kisha fuata barabara ipitayo Hifadhi ya Taifa ya Arusha hadi Ngare Nanyuki, upande mkavu wa mlima. Hapo ndipo serikali ya kikoloni ilipowahamisha maelfu ya Wameru kwa nguvu mwaka 1951 ili kuwapa walowezi ardhi yao, na mwaka uliofuata Mmeru mwenzao, Kirilo Japhet, akalipeleka shauri hilo Umoja wa Mataifa. Naona ni haki mpandaji alijue hilo kabla ya kukanyaga mlima huu.

Maji ya kunywa yanunue Usa River. Maji mengi ya upande wa Ngare Nanyuki yana floraidi nyingi, ambayo huyatia meno ya watoto rangi ya kahawia, na kuyachemsha hakuiondoi.

Siku ya kwanza ya kupanda jiandikishe katika lango la Momella, lililo kwenye kimo cha takriban mita 1,500, usubiri askari wa hifadhi mwenye bunduki. Usimtangulie kamwe, kwa kuwa msitu una nyati. Utalala kibanda cha Miriakamba, mita 2,514.

Siku ya pili ni ya ngazi nyingi hadi kibanda cha Saddle, mita 3,570. Wengi hujilaza wakifika. Mimi nasisitiza upande kilele kidogo cha jirani, Meru Mdogo, mita 3,820, jioni hiyo hiyo, kisha urudi kulala, kwa sababu mwili uliokwisha kuonja hewa nyepesi huistahimili vizuri zaidi usiku unaofuata.

Siku ya tatu ondoka saa saba au saa nane usiku ukiwa na tochi ya kichwani, glavu na nguo nzito. Baada ya mahali paitwapo Rhino Point njia hupita juu ya ukingo wa kreta, penye miamba inayoteleza ikilowa, hivyo shika mwamba kwa mikono bila kuona haya. Mwenzako akitapika, akipepesuka au akichanganyikiwa, mteremsheni mara moja, hata kama kilele cha mita 4,566 kinaonekana.

Siku hiyo hiyo shuka hadi Miriakamba, na siku ya nne hadi langoni, ambako kila mpagazi apewe bahashishi yake mkononi mwake mwenyewe.