Programu inaprinti kwa kompaila moja, kwa nyingine kimya: jinsi ya kuitafuta printi iliyopotea

Una kodi yako ya C, ukikompaili kwa gcc majibu yanatoka vizuri tu, mwenzako akiichukua akakompaili kwa clang au Visual Studio anakwambia hamna kitu, skrini tupu, programu imeanza ikaisha. Hapo wengi wanakimbilia kusema kompaila ina bagi na ndo muda mwingi unapotelea hapo, maana mara nyingi sana ile printi imekwama sehemu moja kati ya tatu: programu haikuifikia kabisa, au imeifikia ila maandishi yamebaki kwenye bafa (sehemu ya kumbukumbu ambapo yanasubiri kabla ya kutoka), au kompaila imeifuta kwa sababu kodi yako yenyewe imeipa ruhusa ya kuifuta. Kila moja ina dawa yake, kwa hiyo usiguse kodi kabla hujajua uko kwenye ipi.

Hatua ya 1: linganisha vitu vinavyolingana

Mtu anachukua gcc bila flagi (chaguo unaloandika kwenye komandi) yoyote anailinganisha na Visual Studio iliyowekwa Release, sasa hapo hujalinganisha kompaila, umelinganisha optimaizesheni, yani jinsi kompaila inavyoibadilisha kodi ili irani haraka. Fanya hivi:

```
gcc   -std=c11 -g -O0 kodi.c -o g0
gcc   -std=c11 -g -O2 kodi.c -o g2
clang -std=c11 -g -O0 kodi.c -o c0
clang -std=c11 -g -O2 kodi.c -o c2
```

`-O0` inazima optimaizesheni, `-O2` inaiwasha. Rani zote nne kwa data ile ile. Kama g0 inaprinti na g2 haiprinti, basi ugomvi wa gcc na clang umeishia hapo, kompaila ni ile ile na kilichobadilika ni optimaizesheni tu, nenda kaikague kodi.

Hatua ya 2: uliza mfumo kama kuna kitu kimeandikwa

Programu ikishaisha andika `echo $?` uone namba iliyoachwa ilipoisha. Ukipata 139 ujue imekufa kwa segfault (imegusa kumbukumbu isiyoruhusiwa), 134 imejiua yenyewe kwa abort, na mara nyingi hiyo printi ilikuwa bado njiani. Afu kwenye Linux tumia strace, inayoonyesha kila mara programu inapoomba mfumo uandike kitu:

```
strace -e trace=write ./g2
```

Ukiona mstari kama `write(1, "Jumla: 4500\n", 12)` maana yake maandishi yametoka kwenye programu salama, tatizo liko kwenye terminali au kwenye IDE yako (programu unayoandikia kodi). Usipoiona, basi hayajatoka, endelea chini.

Hatua ya 3: bafa

Hii ndo inayosumbua watu wengi kuliko zote. printf haiandiki kwenye skrini moja kwa moja, inaweka kwenye bafa ya stdout (njia ya kawaida ya kutolea maandishi), na bafa hiyo inamwagwa lini inategemea stdout imeunganishwa na nini. Kwenye Linux ikiwa ni terminali inamwagwa ukifika `\n`, ikiwa ni faili au paipu (`|`, inayopeleka maandishi kwa programu nyingine) inasubiri mpaka ijae au programu iishe kistaarabu, yani kwa return ya main au kwa exit(). Ikifa kwa segfault, abort au `_exit()`, kilichokuwa kwenye bafa kimepotea nayo. Ndo maana programu ikifa hivyo `./g2` inaonyesha mistari yote ila `./g2 | tee logi.txt` inakosa ya mwisho, tena ya mwisho ndo uliyokuwa unaihitaji.

Windows ina yake. Maktaba ya C ya Microsoft haina bafa ya mstari kwa mstari, ukiiomba `_IOLBF` inakupa bafa kamili. MinGW (gcc ya Windows) ya zamani inatumia maktaba hiyo hiyo, kwa hiyo ukiirani ndani ya konsoli ya Eclipse, ambayo kwa programu ni paipu, unaona `scanf` inasubiri na lile swali la "Weka jina:" halijaonekana kabisa. Jaribio ni mstari mmoja, uweke juu kabisa ya main kabla hujaprinti chochote:

```c
setvbuf(stdout, NULL, _IONBF, 0);
```

Printi ikirudi umeshapata jibu. Kwa kodi ya kudumu mi napendelea `fflush(stdout)` baada ya kila swali linalosubiri mtumiaji, kuliko kuzima bafa yote, maana kuzima bafa kunapunguza spidi sana kwa programu inayoprinti maelfu ya mistari. Na ujumbe wa kudibagi upeleke stderr, njia ya kutolea makosa, hiyo haina bafa toka mwanzo.

Hatua ya 4: maonyo yote, afu sanitaiza

Kama sio bafa, kompaili upya na sanitaiza, yani vikaguzi ambavyo kompaila inavipachika ndani ya programu ili vikuambie kosa likitokea inaporani:

```
clang -Wall -Wextra -g -O1 -fsanitize=address,undefined kodi.c -o s1
./s1
```

Soma kila onyo, usiruke hata moja. Variabo isiyopewa thamani ya kuanzia ndo mshukiwa namba moja: `int idadi;` afu lupu inazunguka mpaka `i < idadi`, kompaila moja inakuta kwenye staki namba yoyote kubwa na lupu inaprinti, nyingine inakuta 0 na lupu haiingii hata mara moja. Ukiona kwenye dibaga ya Visual Studio variabo ina -858993460 usishangae, hiyo ni 0xCCCCCCCC, alama ambayo modi ya Debug inajazia variabo za staki. Hilo kosa la variabo isiyopewa thamani, address na undefined hazilikamati, tumia `-fsanitize=memory` ya clang au valgrind.

Sasa angalia hii kwa makini, maana hapa ndo printi inafutwa kabisa:

```c
int angalia(int salio)
{
    if (salio + 100 < salio) {
        puts("Salio limezidi kiwango!");
        return 1;
    }
    return 0;
}
```

Mwandishi anategemea kwamba salio likifika 2147483647 ukaongeza 100 litageuka hasi. Ila sheria za C zinasema int yenye alama haitakiwi kuzidi kiwango chake, ikizidi kompaila haina wajibu wowote kwako. Kwa hiyo gcc na clang kwenye -O2 zinasema: namba ukiiongezea 100 haiwezi kuwa ndogo kuliko ilivyokuwa, sharti hili ni uongo siku zote, toa. Na puts inaondoka nalo. Sanitaiza itakuambia wazi:

```
runtime error: signed integer overflow: 2147483647 + 100 cannot be represented in type 'int'
```

Dawa yake ni kuuliza kabla ya kujumlisha: `if (salio > INT_MAX - 100)`, na uingize `limits.h`. Kwa mahesabu ya pesa usiliache hili hata kidogo, aisee, onyo lililofutwa kimya kimya ni hela ya mtu.

Hatua ya 5: vitu vidogo vya haraka

Umeweka kazi ndani ya assert (ukaguzi unaosimamisha programu sharti likiwa uongo)? `assert(hifadhi(f) == 0)` inapotea yote ukikompaili na NDEBUG (alama ya kuzima assert), na CMake ukichagua Release inaiweka yenyewe.

Una `char c` kwenye `while ((c = getchar()) != EOF)`? Kwenye Raspberry Pi yenye Linux, char haina hasi, kwa hiyo haiwezi kulingana na EOF (alama ya mwisho wa data, ambayo ni -1), lupu haiishi na ile jumla ya chini haiprintiwi kamwe. Ifanye `int c`.

Unaprinti long double kwa `%Lf` kwenye MinGW ikatoka takataka? Weka `-D__USE_MINGW_ANSI_STDIO=1`.

Hatua ya 6: angalia asembli

Ikifika hapa bado, kompaili kwa `gcc -O2 -S kodi.c` ufungue kodi.s, au bandika fankisheni kwenye Compiler Explorer uone gcc na clang pembeni kwa pembeni. Usitafute printf peke yake, maana printf ya maandishi matupu yanayoishia na `\n` inageuzwa kuwa puts. Kama call haipo kabisa, soma mistari iliyo juu ya ile printi kwenye kodi yako, hasa pointa iliyotumika kabla ya kuangaliwa kama ni NULL. Kwenye kerneli ya Linux mwaka 2009 draiva ya tun (ya mtandao wa kubuni) ilipatikana na shimo la usalama la namna hiyo hiyo, pointa ilisomwa kwanza ikaangaliwa baadaye, gcc ikaona iliyosomwa haiwezi kuwa NULL, ikafuta ule ukaguzi.

Mwisho jaribu `-fwrapv -fno-strict-aliasing`, flagi zinazoizuia kompaila kutumia baadhi ya zile ruhusa za kufuta. Printi ikirudi kwa flagi hizo, kosa karibu hakika liko kwenye kodi yako, na hata watu wa GCC wanaomba ujaribu hivyo kabla hujawaandikia. Isiporudi, na sanitaiza hazijalalamika, punguza kodi mpaka ibaki mistari michache inayoonyesha tatizo, andika toleo la kompaila na flagi zote ulizotumia, kisha ipeleke Bugzilla ya GCC, au kama ni clang kwenye GitHub ya LLVM.