Kuweka funguo za S3 kwa folda ya .aws badala ya kuziacha ndani ya skripti

Skripti nyingi naletewa hapa Kisumu nizirekebishe ziko na funguo za S3 (stoo ya faili ya Amazon, AWS, huko mtandaoni) zimeandikwa wazi pale juu kabisa, na mwenyewe ashaituma kwa grupu ya WhatsApp ya kazi. Hio ni hatari sana. Funguo zikae kwa folda yako ya houmu, skripti izitafute huko.

Kwanza tengeneza funguo kwa IAM (pale AWS unapangia watumiaji na ruhusa), usitumie za root, yaani za mwenye akaunti yote, juu hizo zinafungua kila kitu mpaka bili. Utapewa mbili, ya kwanza inaanza na AKIA, ya pili ndo ya siri, iko na herufi 40 na unaonyeshwa mara moja tu, ukifunga hio peji basi utengeneze ingine.

Alafu kwa teminali:

mkdir -p ~/.aws
nano ~/.aws/credentials

Ndani uandike:

[samaki]
aws_access_key_id = AKIA...
aws_secret_access_key = ...

"samaki" ni jina la profaili tu, tuseme unaweka rekodi za samaki wa Dunga. Kazi ingine, profaili ingine hapo chini.

Sasa ~/.aws/config:

[profile samaki]
region = af-south-1

Watu hukwama hapa: kwa config neno profile linatangulia, kwa credentials haliwekwi. Rijoni (eneo la seva za AWS) iwe ile baketi yako, yaani pale faili zako za S3 zinakaa, iko, hio yangu ni ya Cape Town, na huwa imezimwa mpaka uiwashe kwa akaunti.

Zuia wengine wasisome faili, hasa kama kompyuta ni ya ofisi na mnaitumia wengi:

chmod 600 ~/.aws/credentials

Ukipiga ls -l uone -rw------- pekee.

Jaribu:

aws sts get-caller-identity --profile samaki

Ikirudisha namba ya akaunti uko sawa. InvalidClientTokenId, angalia ile ya AKIA. SignatureDoesNotMatch, mara nyingi ni ile ya siri imekatika herufi wakati wa kukopi. Na kama hapa imekubali lakini aws s3 ls --profile samaki inasema AccessDenied, wacha kuhangaisha faili, funguo ni nzima, mwambie mwenye akaunti akuongezee ruhusa.

Kwa Python, ukitumia boto3 (laibrari ya AWS), ni boto3.Session(profile_name="samaki"), basi.

Na zile funguo za zamani zilikuwa kwa skripti, usifute laini tu, Git, ile inaweka historia ya kodi, bado inazikumbuka. Ingia IAM uzizime, ukiona hakuna kitu kimekwama ndo uzifute kabisa.