Sharubati ya rozela, nanasi na asumini kwa sherehe ya msimu wa joto

Kaskazi inapovuma, kuanzia Desemba hadi Machi, mwenye shughuli Unguja, Tanga au Dar es Salaam hujua kwamba wageni wake watafika wakiwa na kiu kuliko njaa. Soda za kreti huikata kiu hiyo kwa muda mfupi na kuacha utamu mzito mdomoni, ilhali sharubati yenye ukali wa rozela, utamu wa nanasi na harufu ya asumini humpoza mtu taratibu na kumfanya aombe gilasi ya pili. Maelezo haya ni ya sharubati hiyo, isiyo na kilevi, kwa kiasi cha kuwatosha watu 20 wenye gilasi za robo lita, na anayeitengeneza kwa mara ya kwanza atenge usiku mmoja wa kuloweka na asubuhi moja ya kuchanganya.

Kazi hii nilijifunza kwa shangazi yangu, ambaye kwa miaka mingi ndiye aliyekabidhiwa vinywaji kila palipokuwa na arusi katika ukoo wetu. Alichosisitiza zaidi ni kwamba kila kitu kina wakati wake wa kuingia, na kwamba harufu ya ua haichemshwi. Rangi na ukali huvutwa kwa maji, iwe kwa moto au kwa kulowekwa muda mrefu, na sukari huyeyushwa jikoni, lakini harufu ya ua ni mvuke mwepesi ambao hutoroka mara tu unapokutana na moto. Ndiyo maana sharubati nyingi zinazoitwa za mawaridi hunukia jikoni zinapopikwa, na zikifika mezani hazina tena harufu yoyote.

Rozela, ambayo Dodoma na sehemu nyingine za Tanzania huitwa choya, na ambayo Wasudani na Wamisri huinywa kwa jina la karkade, huuzwa sokoni ikiwa imekaushwa. Kile tunachokitumia si ua lenyewe, bali ni ile sehemu nene nyekundu inayolishika ua na kubaki ikilifunika tunda la mbegu baada ya ua kudondoka. Chagua yenye wekundu wa damu ya mzee, inayopindika kidogo inapobanwa kwa vidole na ambayo ikinuswa ina uchachu wa ukwaju. Iliyogeuka rangi ya kahawia na kuwa unga mfukoni imekaa dukani muda mrefu, na hata ukiiongeza maradufu haitakupa ladha.

Jioni ya kuamkia sherehe ndiyo saa ya asumini, kwa kuwa ua hilo hufunguka jua linapozama na usiku ndipo harufu yake inapokuwa kali. Chuma vitumba vyeupe vinavyotaka kufunguka, kama 30 hivi, kutoka kwenye mti unaoujua, ambao haujapigwa dawa ya wadudu, kisha vikung'ute ili sisimizi watoke, na uvisuuze kwa maji baridi bila kuviponda. Vimwage juu ya lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa kabisa, ufunike jagi kwa sahani na uliache mahali penye ubaridi hadi alfajiri. Asubuhi utayakuta maua yamelegea na kingo zake kuanza kuwa rangi ya udongo, nayo maji yakiwa yameshika harufu yote. Yachuje hapo hapo, kwa sababu yakiendelea kukaa na maua hupata uchungu wa majani. Usitumie asumini za vikuba, yaani vishada vya maua ya kujipamba, vilivyokwisha kutengenezwa kwa kuuzwa, kwani mara nyingi hunyunyiziwa manukato, wala maua ya duka la maua, ambayo hupigwa dawa ili yasiharibike. Tena, si kila ua jeupe linalonukia bustanini ni asumini, na mengine yana sumu. Usilolijua liache mtini.

Usiku huo huo loweka rozela. Pima gramu 100, uzisuuze haraka ndani ya maji baridi ili mchanga utoke, kisha uziweke kwenye chombo cha kioo au cha enameli na umimine lita mbili na nusu za maji safi ya kunywa. Funika na uweke kwenye friji kwa saa nane hadi kumi na mbili. Wapo wanaoichemsha rozela kwa nusu saa nzima wakidhani ndipo inapoiva, na matokeo yake ni kinywaji chenye ukakasi unaofanana na dawa ya miti shamba. Kama muda haukuruhusu kuloweka usiku kucha, chemsha maji peke yake, zima moto, tumbukiza rozela, funika na usubiri dakika 20 tu. Kwa vyovyote vile, usitumie sufuria ya alumini, kwa kuwa ukali wa rozela huila na kuacha ladha ya chuma. Sufuria ya stili inafaa.

Hapa inafaa nieleze jambo linalowatia watu wengi hofu. Maji ya visima vya pwani, hasa kwenye ardhi ya mawe ya matumbawe, huwa na chokaa nyingi, na rozela ikilowekwa humo haiwi nyekundu ya kung'aa bali hugeuka zambarau iliyofifia, karibu na rangi ya maji yaliyofuliwa kanga mpya. Nilipoiona kwa mara ya kwanza nilitaka kuimwaga. Shangazi alichukua nusu ya ndimu, akakamua matone machache ndani ya gilasi moja, na mbele ya macho yangu ile zambarau ikarudi kuwa nyekundu kama jiwe la akiki. Rangi ya rozela hufuata uchachu: maji yakiwa na chokaa husogea kuelekea bluu, yakiwa na ndimu husogea kuelekea nyekundu. Ndimu mbili zinatosha kwa kiasi tulichopima, na hata kama maji yako ni mazuri, kamua moja kwa ajili ya ladha.

Chuja rozela kwa kitambaa cha melimeli, uikamue vizuri, na utapata kama lita mbili, kwa sababu rozela kavu hunywa maji mengi. Kisha tengeneza shira kwa nusu kilo ya sukari na vikombe viwili vya maji, pamoja na punje sita za iliki zilizopasuliwa na kipande cha tangawizi cha ukubwa wa kidole gumba kilichopondwa. Shira ichemke dakika tano tu baada ya sukari kuyeyuka, kisha ipoe kabisa ikiwa na viungo vyake ndani. Mdalasini na karafuu ni viungo ninavyovipenda kwenye chai, lakini humu huvifunika vyote viwili, tunda na ua, hivyo naviacha.

Nanasi mawili ya wastani yaliyoiva hutoa karibu lita moja ya juisi. Yale ya Kiwangwa, wilayani Bagamoyo, yana utamu unaofaa sana kwa kazi hii, ila popote ulipo nusa kitako cha nanasi kabla ya kulinunua, kwa kuwa lisilonukia hapo halijaiva hata kama ganda lake ni la manjano. Lisage kwa blenda bila kuongeza maji, ulichuje, na uliache dakika kumi ili povu litulie. Pasheni ziwe 15, zenye ganda lililonyauka. Zikamulie kwenye chujio kwa mgongo wa kijiko badala ya kuzisaga, kwa sababu mbegu zikivunjika huacha vumbi jeusi na uchungu kidogo.

Saa moja au mbili kabla ya wageni kufika, changanya rozela, juisi ya nanasi na ya pasheni, kisha ongeza shira kidogo kidogo huku ukionja. Baridi hupunguza utamu unaousikia ulimini, kwa hiyo onja ikiwa imepoa, wala usiamue kwa ladha ya sharubati yenye joto. Mwisho kabisa ndipo yanapoingia maji ya asumini, nayo maji ya waridi kijiko kimoja cha chakula, ukoroge, uonje, na uongeze cha pili ikiwa tu unaona harufu bado iko mbali. Maji ya waridi yakizidi, kinywaji hugeuka kuwa sabuni, na hakuna cha kukiokoa. Hakikisha chupa uliyonunua imeandikwa kwamba ni ya kupikia, kwani marashi ya kunyunyizia wageni kwa mrashi si lazima yawe ya kunywewa.

Barafu itengenezwe kwa maji yaliyochemshwa, tangu siku iliyotangulia. Mimi hugandisha vipande vikubwa kwenye mabakuli madogo, kila kimoja na petali ya waridi la nyumbani au kipande chembamba cha ndimu, kwa sababu kipande kikubwa huyeyuka polepole na hakiifanyi sharubati kuwa maji maji kabla shughuli haijakolea. Kwa shughuli kubwa, ndoo safi yenye koki hurahisisha kugawa, na deli la barafu liwe karibu. Ukitaka gilasi za meza kuu zipendeze zaidi, usiichanganye juisi ya nanasi kwenye sehemu ya sharubati ya gilasi hizo. Jaza barafu, mimina kwanza rozela yenye shira, halafu nanasi taratibu juu ya mgongo wa kijiko. Shira ni nzito, hivyo wekundu hubaki chini na manjano juu mpaka mgeni mwenyewe atakapokoroga.

Rozela hushusha shinikizo la damu, kwa hiyo wanaotumia dawa za shinikizo pamoja na wajawazito wapate ushauri wa daktari kabla ya kuinywa kwa wingi, na mwenyeji mwema huwaambia wageni wake kilichomo ndani ya jagi.

Rozela iliyochujwa na kutiwa shira pekee hukaa kwenye friji siku tano ndani ya chupa iliyosafishwa kwa maji ya moto, lakini ikishachanganywa na nanasi inywewe siku hiyo hiyo. Ikianza kutoa mapovu yenyewe, imwagwe. Makapi ya rozela yasitupwe. Yapike na nusu ya uzito wake wa sukari na maji ya ndimu moja kwa dakika 20, na kesho yake asubuhi watoto watakuwa na jamu ya kupaka kwenye mkate.