Maji kwenye buti la gari la zamani: tafuta tone kwanza, kuziba baadaye

Ukifungua buti ukakutana na harufu ya zulia lililovunda, na tairi la spea limekaa kwenye dimbwi, usikimbilie tyubu ya silikoni. Silikoni iliyopakwa kwa kubahatisha hunipa kazi kubwa kuliko tundu lenyewe. Rangi haishiki juu yake, gundi nyingine haishiki juu yake, na ile inayonuka siki inapokauka hutoa asidi inayochochea kutu kwenye bati tupu. Nikiona mtu ameizungushia taa nzima kwa nje, najua nitaanza kwa saa nzima ya kukwangua.

Maji yanapotuama sipo yalipoingilia. Yakipenya kwenye paa hufuata mshono wa bati, hushuka na nguzo ya nyuma ndani ya plastiki, hupita juu ya tao la bati linalofunika gurudumu, kisha huishia kwenye shimo la spea kwa sababu ndiko chini kabisa. Kwa hiyo kuziba shimo la spea ni kupoteza gundi.

Anza kwa kutoa kila kitu: zulia, ubao, spea, jeki, na plastiki za pembeni, mpaka uone bati. Klipu za gari la zamani hukatika ovyo. Zifungue gari likiwa limepata jua, na upenyeze kitu bapa karibu kabisa na klipu, si katikati ya plastiki. Sponji iliyo chini ya zulia ikandamize kwa ngumi. Juu huwa kavu huku ndani imejaa maji. Itoe, uianike peke yake. Shimo la spea likiwa na kizibo cha raba, kichomoe maji yatoke, kisha kirudishe.

Kabla ya kumwaga maji, chukua tochi usome bati. Maji huacha michirizi ya vumbi na mistari myembamba ya kutu. Fuata mchirizi kwenda juu mpaka unapokatikia. Mara nyingi hapo tu umeshapata mshukiwa.

Sasa jaribio lenyewe, na hili linataka watu wawili. Mmoja aingie ndani na tochi, injini imezimwa, viti vya nyuma vimelazwa ili awe na njia ya kutokea. Kausha bati, kisha pakaza poda ya watoto kwenye mishono na chini ya taa. Tone likipita huchora njia yake kwenye poda, hata kama hukuliona likidondoka. Wa nje ashike mpira wa maji bila kubana mdomo wake, maji yatiririke taratibu. Aanzie chini, usawa wa bampa, akae hapo dakika kadhaa, ndipo apande kwenye taa, raba ya buti, kioo, na mwisho paa. Akianzia juu kila kitu kitalowa kwa pamoja na hutajua lolote. Mashine ya presha iacheni kabisa, maana husukuma maji hata pale ambapo mvua haiwezi kupita. Msipoona kitu, egesheni gari kwenye mteremko, pua juu kisha pua chini, mrudie.

Ukiwa peke yako, funga milango na vioo vyote, washa feni ya gari hadi mwisho ikivuta hewa ya nje, kisha pakaa maji ya sabuni kwa nje. Panapotoa mapovu pana upenyo. Ila kuna matundu ya kupumulia, mara nyingi nyuma ya bampa, yenye vifuniko laini vya raba. Hayo hutoa hewa kwa makusudi. Usiyazibe. Ukiyaziba vioo vitashika ukungu na milango itakuwa migumu kufunga. Kama maji yanaingilia hapo, tatizo ni raba iliyoyazunguka, au vifuniko vimejaa uchafu vikashindwa kulala.

Taa za nyuma ndizo ninazozishuku kwanza. Sponji inayoziba kati ya taa na bodi huzeeka, ikawa ngumu na kusinyaa. Mulika bolti za taa kwa ndani: ukiona tone limening'inia kwenye ncha ya bolti, au nati ya chini ina kutu kuliko ya juu, umefika. Fungua nati, vuta taa, toa sponji yote ya zamani, safisha pande zote kwa spiriti. Zungusha mkanda wa butili, ule mweusi unaonata usiokauka, na maungio yake yawe upande wa chini. Zungushia kipande pia kila bolti. Kaza nati kidogo kidogo kwa zamu. Plastiki ya taa kuukuu hupasuka ukiilazimisha.

Raba ya buti ipime kwa karatasi. Weka kipande juu yake, funga buti, vuta. Kikitoka bila kukwama, raba imebonyea hapo, au kufuli linahitaji kurekebishwa libane zaidi. Sehemu hii usiidharau, kwani upenyo wa nyuma unaweza pia kuingiza moshi wa ekzosi, na kaboni monoksidi haina harufu. Kabla ya kuvisha raba mpya angalia ukingo wa bati inapokaa. Kama umeliwa na kutu, raba mpya nayo haitakaa.

Mishono ya bodi iliyopasuka izibwe kwa nje. Ukipaka kwa ndani, tone litakoma lakini maji yatabaki yamefungwa ndani ya mshono yakila bati. Kwangua gundi ya zamani, piga brashi ya waya, paka dawa ya kutu na praima (rangi ya msingi), kisha gundi ya poliurethani ya bodi, na rangi juu. Kioo kilichogandishwa kwa gundi mpe fundi wa vioo akitoe, hasa kama kuna kutu chini yake. Usisahau pia vitako vya antena, reli za paa, taa ya juu ya breki, taa za namba na raba zinapopita nyaya.

Acha gundi ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye tyubu, kisha rudieni jaribio kwa mpangilio uleule. Plastiki mimi sizirudishi mpaka mvua ya kweli inyeshe. Natandika magazeti makavu kwenye bati, na mvua ikikatika nakagua kila ukurasa kama una doa.