Leseni ya ualimu Marekani: karatasi kwanza, mtihani baadaye

Mwalimu mwenye shahada kutoka Kenya, Uganda au Tanzania akiuliza wenzake waliotangulia Marekani afanyeje ili arudi darasani, mara nyingi atajibiwa, "Fanya mtihani." Basi anajisajili, analipa, anakesha na vitabu, na baadaye anagundua kuwa jimbo lake linataka mtihani mwingine kabisa. Mimi nasema mtihani usubiri. Tengeneza karatasi zako, jimbo likuoneshe njia inayokufaa, ndipo pesa ya mtihani itoke.

Serikali kuu haitoi leseni ya ualimu. Kila jimbo lina mamlaka yake, masharti yake na ada zake, na leseni ya Texas haikupi moja kwa moja haki ya kufundisha Minnesota. Kama unajua mwakani utahama, hama kwanza. Vinginevyo utalipa mara mbili.

Karibu kila jimbo linataka shahada, mafunzo ya ualimu yanayotambulika, mitihani, na alama za vidole za kukagua rekodi ya jinai. Alama za vidole zisikuumize kichwa: weka miadi, lipa kati ya dola 40 na 100 kutegemea jimbo, imekwisha. Kazi iko kwenye hayo mengine.

Vyeti vyako lazima vithaminiwe na shirika linalokubaliwa na jimbo, mara nyingi mwanachama wa NACES (umoja wa mashirika ya kutathmini vyeti vya nje) kama WES au ECE. Agiza tathmini ya somo kwa somo, si ile ya jumla. Ni ghali zaidi, kwa kawaida dola 150 hadi 250, ila ile ya bei nafuu haioneshi masomo uliyosoma, na hayo ndiyo jimbo linayoyatafuta.

Hapa walimu wa Tanzania na Uganda wawe macho. Shahada zetu nyingi ni za miaka mitatu, na Mmarekani amezoea minne. Lakini hesabu yote: msingi 7, sekondari 4, kidato cha tano na sita 2, chuo 3, jumla miaka 16. Mkenya wa 8-4-4 (msingi 8, sekondari 4, chuo 4) naye anafika 16, sawa na Mmarekani mwenye 12 ya shule na 4 ya chuo. Kwa hiyo ukituma transkripti ya chuo peke yake, ile miaka miwili ya kidato cha tano na sita haionekani popote. Ambatisha cheti cha kidato cha sita hata kama hukuombwa.

Halafu kuna mazoezi ya kufundisha. Kwenye transkripti zetu huwa ni mstari mmoja na alama yake, basi. Jimbo linataka kujua ulifundisha wapi, madarasa gani, wiki ngapi, na nani alikusimamia. Omba idara yako ikuandikie barua yenye maelezo hayo, kwenye karatasi rasmi na mhuri, ukiwa bado unamfahamu mtu ofisini pale. Aliyesajiliwa na TSC ya Kenya, tume inayosajili walimu, aambatishe na cheti cha usajili, maana baadhi ya majimbo humpa njia fupi mwalimu aliyekuwa na idhini kamili nchini kwake. Texas, kwa mfano, inaweza kumpa cheti cha mwaka mmoja afundishe huku akikamilisha mitihani. Na majina yafanane kila mahali. Kama uliolewa ukabadili jina, cheti cha ndoa kiende pamoja na vingine.

Mwenye shahada isiyo ya ualimu naye hajafungiwa mlango. Texas ina programu mbadala ambazo gharama yake huangukia kati ya dola 4,000 na 7,000. Nyingine zinadai kiasi kidogo mwanzoni, kingine kinakatwa kwenye mshahara ukishaajiriwa. Soma mkataba uone unadaiwa nini ukiacha kazi katikati. Minnesota ina leseni za ngazi nne. Ya kwanza hudumu mwaka mmoja, na unaiomba ukiwa tayari na wilaya ya shule inayotaka kukuajiri. Kwa hiyo kule unatafuta kazi kwanza.

Sasa mitihani. Majimbo mengi hutumia Praxis, na mtihani wa somo ni dola 130 kwenda juu. Texas ina mitihani yake ya TExES, mingi ni dola 116, na kila mmoja unaruhusiwa kuufanya mara tano tu ukijumlisha ya kwanza. Usiende "kuonja" mtihani.

Mwenye green card (kadi ya ukaazi wa kudumu) anayerudi chuo achunguze ruzuku ya TEACH, ya serikali kuu kwa wanaosomea ualimu, hadi dola 4,000 kwa mwaka. Lakini ina meno: usipofundisha miaka minne kwenye somo lenye upungufu na shule ya wenye kipato cha chini, ndani ya miaka minane, inageuka mkopo wenye riba. Anayeajiriwa kwa viza ya kazi ya H-1B ajue kwamba ada za viza zinazomhusu mwajiri si zake kulipa. Mwaka 2011 wilaya ya Prince George's huko Maryland ilikubali kuwarudishia walimu wa kigeni zaidi ya 1,000 jumla ya zaidi ya dola milioni 4 kwa sababu iliwaachia walipe ada hizo wenyewe.

Mwenye stashahada au cheti tu hatapata leseni kamili katika majimbo mengi, ila anaweza kuanza kama msaidizi wa mwalimu. Shule zinazopokea fedha za Title I (msaada wa serikali kuu kwa shule zenye wanafunzi wengi wa kipato cha chini) hutaka miaka miwili ya chuo au kufaulu mtihani wa wasaidizi. Mshahara ni mdogo, tusidanganyane. Hata hivyo wilaya kadhaa huwalipia wasaidizi wao karo ya kumalizia shahada, kwa hiyo siku ya usaili uliza kama wilaya hiyo ni mojawapo, na unatakiwa kubaki nao miaka mingapi baada ya kuhitimu.