Draiva ya storeji ikipokea KeyUpdate: usikate laini, fanya hivi

Hii ni ya wasee wa Kisumu na Nakuru wanaoendesha NVMe/TCP (diski za mbali zinazosomwa kupitia mtandao wa kawaida) kati ya majengo mawili, tuseme diski ziko kwa seva ya Milimani na database iko Kondele, katikati ni faiba ya kukodisha ambayo hujui imepita kwa nani, so ukawasha TLS ifiche data njiani, na hapo ulifanya poa. Shida inaanza kazi ikizidi: laini inakatika ghafla, dmesg (logi ya kerneli) inajaa, baada ya sekunde kama kumi inajirudisha na wewe unalaumu faiba. Kuna siku si faiba. Upande ule mwingine umebadilisha ufunguo wa kuficha data, ukatuma KeyUpdate (ujumbe wa TLS 1.3 wa kusema hivyo), na draiva yako haijui la kufanya.

Ufunguo mmoja wa AES-GCM, njia ya kuficha data inayotumiwa na TLS, una mwisho wake. Kiwango cha TLS 1.3, RFC 8446 ya 2018, kinasema ni rekodi milioni 24 hivi zilizojaa kwa ufunguo mmoja. Rekodi moja ikijaa ni kilobaiti 16, ukipiga hesabu unapata kama gigabaiti 390. Kwa mtu anayesoma barua pepe hiyo haifiki maisha yake yote, lakini diski kwa laini ya gigabiti 10 inamaliza hiyo kwa dakika tano tu, na gigabiti 1 ni chini ya saa moja. Ndio maana hii kitu inauma watu wa storeji kuliko watu wa wavuti.

Kwanza cheki kerneli. Linux ilianza kukubali kubadilisha ufunguo wa TLS 1.3 ndani ya kTLS (TLS inayofanywa na kerneli yenyewe) kwa toleo la 6.14, chini ya hapo usijisumbue, panga tu kukata na kuunganisha upya wakati watu wamelala. Halafu angalia kaunta:

cat /proc/net/tls_stat | grep Rekey

TlsRxRekeyReceived ikipanda na TlsRxRekeyOk imekaa pale pale, umeshapata mgonjwa wako: ujumbe umefika, ufunguo mpya haujawekwa.

Sasa upande wa kusoma, na hapa ndio kuna kazi. KeyUpdate inakuja kama rekodi aina ya 22, ujumbe namba 24, katikati ya data zako. Kama draiva inasoma kwa read_sock itarudishiwa -EINVAL juu ile njia haijui rekodi zisizo za data, kwa hivyo tumia recvmsg na control message ndio uone aina ya rekodi. Ukishaisoma, kerneli inasimamisha kufungua data yenyewe, na kila ukijaribu kusoma tena unapewa EKEYEXPIRED. Hiyo si eror ya kuua laini! Draiva nyingi zinaona namba yoyote chini ya sifuri na kukimbilia kureset kontrola yote, na hapo ndio database inaganda. Itenge hiyo peke yake: simamisha kusoma kwa foleni hiyo, ita tlshd (programu ya nje ya kerneli inayofanya handisheki ya TLS) ilete ufunguo mpya, iweke kwa setsockopt TLS_RX, kisha endelea kutoka pale pale ulipoachia. Pale pale kabisa, maanake KeyUpdate inaweza kuingia PDU (pakiti moja ya NVMe/TCP, hedi na data yake) ikiwa nusu, umesoma hedi bado data, na ukisafisha hesabu ya baiti zilizobaki utaanza kusoma data ukidhani ni hedi na usiku wako umeisha.

Ufunguo mpya unatolewa kwa siri ya zamani, haupigiwi handisheki upya. So tlshd lazima iwe imehifadhi ile siri baada ya handisheki ya kwanza, ikiitupa hakuna pa kuanzia. Unabadilisha ufunguo na IV (namba ya kuanzia inayoenda na ufunguo), na namba ya rekodi inarudi sifuri. Ukisahau hiyo sifuri utapata EBADMSG (data imekataa kufunguka) na utatafuta kosa mahali halipo. Toleo la TLS na sayfa haviguswi, kerneli itakataa. Lakini kitu haitakataa ni ufunguo uliotumika tayari, haikagui hiyo, ni juu yako.

Kutuma ni rahisi kidogo ila hakuna breki, kerneli haikusimamishi. Wewe mwenyewe simamisha kazi ya kutuma, acha rekodi iliyo wazi iishe, tuma KeyUpdate kwa ufunguo wa zamani, ndio uweke TLS_TX mpya. Na kama mwenzako aliomba ubadilishe pia, jibu kabla hujatuma data nyingine yoyote, na jibu lako lisiombe tena, la sivyo mtaombana mpaka asubuhi.

Kumbuka kila foleni ni laini yake ya TCP na TLS yake. Usisimamishe kontrola nzima kwa sababu ya foleni moja. Ila ile ya admin usiikalishe, keep-alive kwa kawaida ni sekunde 5 na I/O inangoja 30, so kila kitu kiishe ndani ya hapo, kama haijaisha basi sasa reset kwa heshima.

Mtego ninaouogopa zaidi: seva inabuti kwa hiyo hiyo diski ya mbali, au swap iko huko. Soma imesimama ikingoja tlshd, na tlshd inangoja kurasa zake kutoka diski iliyosimama. Ni kama kufungia ufunguo wa stoo ndani ya stoo. Weka tlshd na vitu vyake kwa diski ya ndani, na uifungie kwa memori.

PSK, ile siri unayoweka pande zote mbili kabla ya kuunganisha, ni kitu kingine kabisa, KeyUpdate haiigusi. Hiyo ukitaka kuibadilisha tengeneza mpya kwa nvme gen-tls-key, iweke pande zote mbili, unganisha njia ya pili nayo, ikishakaa ndio ukate ile ya kwanza. Kama huna njia mbili, omba ruhusa ya kuzima.

Kujaribu, usingoje gigabaiti 390. Kwa openssl s_client ukiandika K kubwa inatuma KeyUpdate na kuomba moja irudi, hapo utauona ujumbe wenyewe ulivyo. Kwa draiva, punguza kikomo upande wa target (seva yenye diski) ibadilishe ufunguo kila baada ya rekodi elfu chache, halafu washa fio (programu ya kupima diski) na verify=crc32c, ikague data iliyosomwa, na foleni nyingi, iache ikikimbia hata usiku mzima. Asubuhi TlsRxRekeyError iwe sifuri na fio isiwe imelia. Ikilia kwa crc na Rekey zote ni Ok, rudi uangalie ile PDU ya nusu.